Kuandika vibao Mombasa: bati kwanza, herufi baadaye

Wiki jana nilishinda na kijana wa Kongowea anayetaka kazi hii. Niliyomwonyesha ni haya.

1. Mkono. Lilaze gazeti kuukuu ubavu. Safu zake ndizo mistari yako. Piga mikwaju ya wima, kisha miduara, kila siku. Nunua brashi mbili nzuri za nywele laini, si kumi za bei rahisi. Mashine ya stika ngoja kwanza: asiyezijua herufi kwa brashi, hata stika zake hazikai sawa.

2. Bati. Hapa ndipo nilipoumia. Nilimwandikia kinyozi wa Likoni kibao juu ya bati jipya linalong'aa, rangi ya mafuta moja kwa moja. Baada ya miezi michache ikabanduka magamba magamba, nikakirudia kwa pesa zangu. Bati jipya limevishwa zinki, na rangi ya mafuta ikikutana na zinki, chini yake hufanyika kitu kama sabuni. Rangi inakosa pa kushika.

Basi lioshe kwa sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta. Lipanguse kwa siki, liache robo saa, ulisuuze kwa maji baridi. Maji ya kisima chenye chumvi usithubutu: chumvi ikibaki chini ya rangi, huleta malengelenge. Likikauka kabisa, pitisha msasa laini, kisha paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, iliyoandikwa ni ya mabati ya zinki, si ile nyekundu ya mageti. Subiri siku nzima; wakati wa masika, mbili. Najua mteja anakuhimiza. Mwambie asubiri.

Ukuta wa chokaa uguse kwanza kwa kiganja. Kikitoka cheupe, kwangua, la sivyo herufi zitaanguka pamoja na hiyo chokaa.

3. Herufi. Piga mistari kwa uzi wa chaki, uanzie katikati ya jina. O izidi mstari kidogo juu na chini, ama itaonekana ndogo. Nafasi pima kwa jicho. A na V zisogeze karibu.

4. Mteja. Akutumie jina la duka kwa maandishi, na nusu ya malipo. Kibali cha kaunti akichukue kabla hujapanda ngazi. Katikati ya mji kumbuka agizo la kaunti la 2018 la kupaka majengo nyeupe na buluu: muulize rangi ya ukuta kabla ya kununua rangi ya herufi.