Jinsi ya kumtafuta salamanda wa mgongo mwekundu bila kumbomolea nyumba

Mwonyeshe mtu wa kwetu picha yake, atakwambia ni mjusi. Lakini hana magamba wala kucha. Ukoo wake uko karibu na chura. Kusini mwa Sahara hayupo kabisa, ndiyo maana hata jina hatujampa. Huyu ni *Plethodon cinereus*, wa misitu ya mashariki mwa Marekani na Kanada. Mimi humtafuta Pennsylvania.

1. Ngoja mvua. Hana mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka amekwisha. Nenda Aprili au Oktoba, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Julai kukiwa kukavu huzama ardhini, usijisumbue.

2. Achana na mto. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili nikipekua kingo za kijito. Huyu hahitaji maji ya kuogelea: mayai hutagwa ndani ya gogo bovu au chini ya jiwe, na watoto huanguliwa wakiwa salamanda kamili, wadogo kama uzi. Tafuta gogo lililolala chini ya mialoni au mimepo (miti ya maple), limegusa udongo barabara. Libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea kidogo, ndilo. Likimeguka kama unga, liache, hutaweza kulirudisha.

3. Mikono na viatu. Usijipake dawa ya mbu mikononi. Kila kilicho mkononi mwako kitapita kwenye ngozi yake. Lowesha viganja. Viatu vioshe kwa maji ya klorini kabla ya kuhamia msitu mwingine, maana kuna kuvu ambayo huko Ulaya imeshaua salamanda wengi.

4. Inua. Livute gogo kuelekea kwako, ili kama kuna nyoka atokee upande wa pili. Salamanda huganda sekunde chache. Hapo ndipo umtazame: mstari wa rangi ya tofali toka shingoni hadi mkiani, tumbo la madoadoa meupe na meusi, kama chumvi na pilipili manga. Asiye na mstari, wa kijivu cha risasi, ni huyohuyo. Usimshike mkia, utabaki nao mkononi. Na ukiona kichala cha mayai kinaning'inia kama zabibu ndogo, mama amejikunja kukizunguka, funika papo hapo. Hata picha usipige.

5. Rudisha. Gogo kwanza, kwenye shimo lake lilelile. Kisha mweke salamanda pembeni, ataingia mwenyewe. Ukianza na yeye utamponda.

6. Ukitaka kurudi mara kwa mara, weka mbao, salamanda wajifiche chini yake kama chini ya gogo. Vipande visivyotiwa dawa, sentimita 30 kwa 30. Fagia majani, ubao ulale juu ya udongo. Viweke vuli, viache msimu mzima wa baridi. Ubao mpya hunuka kiwanda na hakuna anayeuhamia. Masika, kagua mara moja kwa wiki mbili, si zaidi. Andika namba ya ubao, joto, na idadi, hata ikiwa sufuri.

Ukifika nyumbani, jikague kupe nyuma ya magoti.