SOMO: Kusawazisha wapiganaji wengi kwenye gemu la ngumi

Habari zenu wakuu. Vijana wa Mbeya na Iringa wanaotengeneza magemu ya ngumi wakinitumia kazi zao, sifa ya kwanza wanayoitaja ni idadi ya wapiganaji: thelathini, arobaini. Naomba tuanzie hapo. Mmoja akizidi wenzake nguvu, haichukui muda banda zima la gemu linamchagua yeye tu, na wale wengine mliokesha mkiwachora hakuna anayewagusa. Inauma kuona kazi nzuri ikifa hivyo.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya jozi
Jozi ni wapiganaji wawili wanaoweza kukutana. Chukua idadi ya wapiganaji, zidisha kwa idadi hiyo hiyo pungufu moja, gawa kwa mbili. Gemu la Street Fighter II lilitoka mwaka 1991 likiwa na wapiganaji 8 wa kuchagua, yaani jozi 28. Super Street Fighter II ya 1993 ilikuwa nao 16: jozi 120. Wapiganaji wameongezeka mara mbili, kazi imeongezeka zaidi ya mara nne. Super Smash Bros. Ultimate ilifika 89 mwaka 2021, jozi 3,916, na hao wana kampuni kubwa nyuma yao. Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 ina wapiganaji 56 wa kuchagua watatu watatu, kwa hiyo timu 27,720. Hakuna binadamu wa kuzijaribu zote. Ndiyo maana mashindano yake yalitawaliwa na wapiganaji wanne tu: Magneto, Storm, Sentinel na Cable.

HATUA YA 2: Mpe kila mmoja kazi yake
Huyu anarusha vitu kutoka mbali, huyu anakaba na kubwaga, huyu ana mbio. Ukishawagawa hivyo unajua jozi za kutilia shaka mapema: mkabaji dhidi ya mrushaji karibu kila mara ina matatizo. Kwenye Street Fighter II, Zangief, mkabaji, alikuwa akiteseka hivyo mbele ya Guile, mrushaji. Kwenye Super Street Fighter II Turbo ya 1994, Zangief alipewa pigo la mkono wenye mwanga wa kijani linalozima vitu vinavyorushwa. Aliye chini kaongezewa njia ya kusogea. Mimi naona hiyo ni bora kuliko kumkata mikono aliye juu, kwa sababu kila ukikata, kuna mchezaji anayempenda yule mpiganaji unamfukuza.

HATUA YA 3: Andika kila pigo kwa fremu
Fremu ni picha moja ya kwenye skrini. Magemu haya huenda fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 17. Kila pigo lina sehemu tatu: kuanza, kugusa na kurudi. Ziandike zote kwenye jedwali.

Hapa wengi wanakimbilia kupunguza damu inayotoka kwa pigo. Jamani, subirini. Kama mpinzani hawezi kabisa kumsogelea mrushaji, ukipunguza damu atapigwa vilevile, ila atachelewa kufa. Mwongezee mrushaji fremu tatu za kurudi, halafu angalia: mpinzani sasa ana nafasi ya kuruka na kuadhibu. Jozi imebadilika kweli.

Na kwa kuwa mabanda yetu mengi yana kompyuta za zamani, hakikisheni hesabu ya mapigo inaenda mara 60 kwa sekunde hata picha ikikwama. Picha ikiburuza hesabu, majaribio yote yatawadanganya.

HATUA YA 4: Jaribu na watu, wabadilishane
Wawili wacheze raundi kumi, kisha wabadilishane wapiganaji na kurudia. Bila hivyo unapima ufundi wa mtu, hupimi mpiganaji. Kwa wachezaji wa kiwango kimoja, aliye chini akishinda 4 kati ya 10, iache jozi hiyo. Akishinda 2, rudi hatua ya 3. Daftari la wanaoanza liwe mbali na la wazoefu.

HATUA YA 5: Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, uandike.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Iringa mjini: Shikamoo mwalimu. Ninao 24 tayari, nifute?
Jibu: Marahaba. Usifute, wafiche. Hao ni jozi 276. Anza na 10 tu, jozi 45, kisha ongeza mmoja mmoja.

Mwanachama, Uyole: Mkuu, kompyuta haiwezi kupigana yenyewe usiku kucha?
Jibu: Inaweza, na ifanye. Inafaa sana kunasa kombo zisizoisha, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupata nafasi ya kujitoa. Lakini kompyuta haiogopi. Mtu aliyebanwa kwenye kona huanza kubonyeza ovyo, na pigo linalotisha hushinda raundi hata kama kwenye jedwali ni dhaifu. Hilo utaliona bandani tu.

Mwanachama, Tukuyu: Wa kwangu ana mkuki, anawamaliza wote kwa kuchoma chini.
Jibu: Dada, hao anaowamaliza, kama ni wachezaji wanaoanza, wanajua kuruka? Waoneshe kwanza. Wazoefu nao wakishindwa, ufanye mkuki wenyewe upigike unapokuwa umenyooshwa, ili anayechoma ovyo aumie. Urefu wake usiuguse, ndio utamu wa mpiganaji huyo.

Mwanachama, Njombe: Mpiganaji akikutana na nakala yake si sawa moja kwa moja?
Jibu: Kagua, kaka. Programu nyingi husoma pedi ya kwanza kabla ya ya pili, na wote wakipiga fremu moja, wa kushoto anashinda. Pokea mabonyezo yote mawili kwanza, ndipo uamue nani kaguswa. Mkigusana wote, wote wapungue damu.