Kabla ya Kuliacha Gari kwa Fundi wa Bodi

Ikiwa gari lako limegongwa na unalipeleka kunyooshwa na kupakwa rangi, iwe ni Grogan au Industrial Area jijini Nairobi, lipige picha pande zote kabla ya kukabidhi ufunguo, zikiwemo taa, vioo vya pembeni, magurudumu, betri na dashibodi inayoonyesha kilomita, kwa kuwa vipuri vizima huweza kubadilishwa kimyakimya gari likiwa gerejini. Makadirio yaandikwe, yatenganishe bei ya vipuri na ya kazi, na yaonyeshe kama kipuri ni kipya au cha mtumba. Ukilipia mlango mpya, omba urudishiwe ule wa zamani.

Hila ya puti (rojo zito la kujazia mabonyeo, ambalo hukauka na kuwa gumu) ndiyo ngumu zaidi kuiona kwa macho: bati lililobonyea halinyooshwi ipasavyo, bali hujazwa puti nene, likasuguliwa na kupakwa rangi inayong'aa, kisha baada ya miezi kadhaa likaanza kupasuka. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini uipitishe juu ya bati. Penye puti nene italegea au kuanguka. Usiijaribu kwenye bampa la plastiki, maana hapo haishiki kamwe.

Bima inapolipa, usitie sahihi kwamba umeridhika kabla ya kulikagua gari mchana, juani. Fundi akijitolea kukulipia sehemu ya hasara ambayo bima imekuachia ulipe mwenyewe kwa kuongeza uharibifu usiokuwepo kwenye ankara, kataa, kwa sababu dai hilo la uongo litawasilishwa kwa jina lako.