Umeshatuma maombi ya chuo Marekani? Fanya hivi mpaka majibu ya nafasi na skolashipu yatoke

Watu wengi wakishabonyeza kutuma kwenye Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) wanaona kazi imeisha, wanakaa kusubiri Machi ifike. Haijaisha. Kwa sisi tunaoomba kutoka nje ya Marekani na tunataka chuo kitulipie, faili linaweza kukwama kwa karatasi moja tu na hakuna atakayekupigia simu kukuambia. Mimi yalinikuta, barua ya mshahara wa mzee niliipandisha ikiwa kwa Kiswahili bila tafsiri, nikakaa karibu wiki tatu natamba niko fiti kumbe kule wameiweka pembeni. So hapa naongelea kile kipindi cha katikati, kuanzia umetuma mpaka unasema ndiyo, na zaidi naongelea vile vyuo vidogo vya liberal arts (vya masomo mchanganyiko ya digrii ya kwanza) maana vingi havina wanafunzi wa masta, hela yao inaenda kwa wa digrii ya kwanza.

Hatua ya 1, fungua portali, yani ukurasa wako wa mwombaji kwenye tovuti ya chuo. Siku chache baada ya kutuma, kila chuo kinakutumia emaili yenye linki ya kufungulia akaunti. Majibu yatatoka humo, hayatoki Common App, na ukiomba vyuo nane una portali nane, paswedi ziandike mahali. Emaili isipoonekana angalia kwenye spamu kwanza kabla hujaanza kulia. Ndani utakuta orodha ya vitu vyako: transkripti, barua za walimu, ripoti ya shule, matokeo ya Kiingereza kama TOEFL au IELTS au Duolingo, na fomu za hela. Kilichofika kina tiki, ambacho hakijafika kinaonyesha bado. Wiki ya kwanza usipaniki, karibu na dedilaini nyaraka zinamiminika na kuzipanga tu kunaweza kuchukua wiki mbili. Zikipita hizo ndo uandike emaili, fupi, na uandike wewe sio mzazi, uweke jina kama lilivyo kwenye maombi, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya maombi. Sababu moja ambayo hatuifikirii ni majina. Pasipoti ina majina matatu, shule imeandika mawili, cheti cha Kiingereza kimegeuza la mwisho limekuwa la kwanza, basi karatasi imefika ila hawajui ni ya nani.

Hatua ya 2, hela, na hapa ndo twende taratibu.

FAFSA, fomu ya msaada wa fedha wa serikali ya Marekani, sio ya kwetu, ile ni ya raia wa Marekani na baadhi ya wenye ukaazi. Sisi wa nje tunajaza CSS Profile ya shirika la College Board (fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia), au chuo kina fomu yake chenyewe, angalia kila chuo kinataka ipi. CSS ni dola 25 chuo cha kwanza na dola 16 kila unachoongeza, vyuo nane ni dola 137, sio hela ndogo. Kama huna, andikia ofisi ya misaada ya fedha kabla ya dedilaini uulize kama wanaweza kukusamehe ada au kukupa fomu ya bure, kuna vyuo vinakubali na kuuliza hakukuharibii chochote. Alafu nyaraka: barua za mshahara, kodi, taarifa za benki, zinapandishwa IDOC (mfumo wa College Board wa kupokea nyaraka za hela) au moja kwa moja kwenye portali. Kama mzazi anafanya biashara yake au analima na hana karatasi ya mshahara, mnaandika barua ya kueleza anaingiza kiasi gani kwa mwaka na inatoka wapi, anasaini. Kila isiyo ya Kiingereza itafsiriwe. Na hesabu zikubaliane, ukijaza mapato ya mwaka kwenye fomu alafu karatasi inaonyesha ya mwezi bila maelezo utaulizwa maswali na muda unaenda.

Kuna watu wanatick kwamba hawahitaji msaada wakiamini watauomba wakishaingia. Usithubutu. Vyuo vingi vina sheria kwamba mwanafunzi wa nje asiyeomba hela wakati wa maombi haombi tena baadaye, vingine ni kwa miaka yote minne. Naelewa kwa nini watu wanajaribu huo ujanja, ni kwamba vyuo kama Amherst na Bowdoin vinaamua nafasi bila kuangalia hela hata kwa wa nje, lakini vilivyo vingi vinaangalia, so ukihitaji sana ushindani unakuwa mkali. Sema ukikubaliwa mahali usipoweza kulipa una faida gani, utabaki na barua nzuri ya kupiga nayo picha.

Hatua ya 3 ni ripoti ya katikati ya mwaka. Vyuo vingi vinataka alama zako mpya kufikia Januari au Februari, na anayetuma ni mwalimu au mshauri wa shule, sio wewe, kwa hiyo mkumbushe mapema na kwa heshima. Ukipata kitu kipya cha maana, tuzo au matokeo, kiweke kwenye portali mara moja. Sio kila wiki jamani, wale wanasoma maelfu ya mafaili.

Hatua ya 4, jua tarehe. Waliotuma Early Decision (maombi ya mapema ambayo ukikubaliwa umejifunga na chuo hicho) mwezi Novemba majibu huwa katikati ya Desemba, raundi ya pili ya Early Decision ni Februari, na raundi ya kawaida ni kuanzia katikati ya Machi mpaka karibu 1 Aprili. Chuo huwa kinataja siku na saa ila ni saa zao, so saa 1 jioni ya pwani ya mashariki ya Marekani mwishoni mwa Machi ni saa 8 usiku Afrika Mashariki, na Desemba inakuwa saa 9 usiku sababu wao wanarudisha saa nyuma kipindi cha baridi. Mimi nilikesha siku moja kabla kwa kuhesabu vibaya, nikalala siku yenyewe.

Hatua ya 5, majibu yametoka. Ukiahirishwa kutoka raundi ya mapema maana yake watakusoma tena na wa raundi ya kawaida, hujakataliwa, andika barua ya ukurasa mmoja kwamba bado unawataka na nini kimebadilika tangu utume. Orodha ya kusubiri ni tofauti, lazima ukubali kwenye portali kwamba unataka kubaki, wakikaa kimya mpaka Mei ni kawaida, na hela kwa wanaotolewa huko huwa imepungua, kwa hiyo usiache ofa uliyonayo mkononi kwa ajili yake. Ukikataliwa ni basi kwa mwaka huo, unaweza kuomba tena msimu ujao. Na kama umekosa kote, Mei huwa NACAC, chama cha washauri wa kujiunga na vyuo Marekani, inatoa orodha ya vyuo vyenye nafasi bado, ipitie uone vinavyotoa msaada kwa wa nje.

Ukikubaliwa usiposti kwanza. Tafuta barua ya pili, ya hela, wakati mwingine iko ukurasa mwingine wa portali au inakuja siku kadhaa baadaye. Usiangalie namba kubwa iliyokolezwa, chukua gharama yote ya mwaka, yani ada, malazi, chakula, bima, vitabu na nauli, alafu toa ile tu ambayo hairudishwi. Tuseme gharama ni dola 85,000 na ruzuku ni 70,000. Zimebaki 15,000. Wameandika mkopo 4,000, huo utaulipa. Wameandika kazi ya chuoni 2,500, hiyo hupewi Agosti, unaifanyia kazi mwaka mzima na visa ya F-1 (ya wanafunzi) inakuruhusu masaa 20 tu kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Nyumbani wanatakiwa kutoa 8,500 kila mwaka. Kila mwaka, mara nne! Tena skolashipu inayolipia malazi na chakula huwa inakatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa mwenye F-1, ile ya kulipia masomo haikatwi. Uliza ofisi nani anailipa.

Ikiwa haitoshi andika kuomba waangalie upya, na uje na ushahidi: mzazi amepoteza kazi, kuna ugonjwa, au fomu ilikosewa. "Naomba mniongezee" peke yake haifiki mbali. Kwa waliokubaliwa Early Decision hapa ndo mlango pekee, umefungwa na hicho chuo isipokuwa msaada waliotoa hauwezeshi kusoma, na unatakiwa uongee nao kabla ya kujitoa.

Hatua ya 6, sema ndiyo kwa chuo kimoja kabla ya 1 Mei. Kuna amana ya kuthibitisha, ukiwa huna omba wakusamehe. Baada ya hapo chuo kitataka fomu ya uthibitisho wa fedha ndo kitoe I-20, fomu ya chuo unayoombea visa. Ikifika kagua jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi, lipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa nje) dola 350, jaza DS-160 (fomu ya mtandaoni ya kuomba visa), lipa visa dola 185 na utafute tarehe ya ubalozi siku hiyohiyo, maana kuanzia Juni foleni inakuwa ndefu.