Namna ya Kuchangisha Fedha za Kukarabati na Kuhamisha Mnara wa Kumbukumbu ya Vita

Kamati nyingi hutangaza mchango kwanza, ndipo zikamtafuta mtaalamu wa kuukagua mnara. Utaratibu huo huwakimbiza wafadhili makini, ambao kabla ya kutoa chochote hutaka kujua mnara ni mali ya nani na ni nani ameruhusu uhamishwe. Majibu huwa si rahisi kama yanavyodhaniwa, kwani mnara unaweza kuwa umesimama katika kiwanja cha halmashauri, ukawa ulijengwa na chama cha wapiganaji wa zamani ambacho kimekwisha kufa, na wakati huohuo ukalindwa na sheria ya mambo ya kale. Pateni kibali cha maandishi kutoka kwa kila mwenye mamlaka, pamoja na barua ya mwenye ardhi ya mahali papya, kabla ya kufungua akaunti ya benki.

Suala la kuhamisha lina uzito wake wa pekee. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huufuata, unaeleza katika ibara ya 7 kwamba mnara hautenganishwi na historia unayoishuhudia wala na mazingira uliomo, na kwamba haufai kuhamishwa isipokuwa usalama wake ukidai hivyo, au kukiwa na maslahi makubwa mno ya taifa au ya kimataifa. Kwa hiyo andikeni sababu inayoweza kuthibitishwa, kama vile mmomonyoko wa ardhi, mafuriko ya mara kwa mara au mtikisiko wa magari makubwa. Kusema tu kwamba mahali papya patapendeza zaidi ni hoja dhaifu, tena ya hatari. Mwezi Aprili 2007, serikali ya Estonia ilipoiondoa sanamu ya askari wa Kisovieti katikati ya Tallinn na kuipeleka kwenye makaburi ya kijeshi, zilizuka ghasia ambamo mtu mmoja alipoteza maisha. Familia za waliotajwa kwenye mnara, wapiganaji waliosalia, na hata wale ambao wazee wao walipigana upande wa pili, wasikilizwe mapema, maana pingamizi likija baada ya fedha kukusanywa litawagharimu maradufu.

Baada ya hapo tafuteni fedha kidogo za awali kwa ajili ya ripoti ya hali ya mnara. Mchango huu huombwa kimyakimya kwa watu wachache, na ripoti iandikwe na mhifadhi mwenye uzoefu akishirikiana na mhandisi. Kazi hii isibaniwe fedha. Ufa mwembamba kwenye pembe ya jiwe, kwa mfano, mara nyingi hutokana na kiungo cha chuma kilichofichwa ndani: maji hupenya, chuma hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, jiwe hupasuliwa kutoka ndani. Fundi asiyejua historia hiyo huuziba ufa kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko mawe mengi laini na huzuia unyevu kutoka, na baada ya misimu michache jiwe hubanduka vipandevipande. Tiba halisi ni kukitoa kile chuma, kuweka chuma cha pua kisichoshika kutu na kujenga upya kwa chokaa inayolingana na jiwe, na gharama yake haifanani kabisa na ya mfuko mmoja wa saruji.

Makadirio nayo yasiishie kwenye mawe. Kuhamisha kunahitaji picha na vipimo vya kila upande, nakala ya kila jina lililochongwa, namba kwa kila jiwe kabla ya kubomoa, kreni, bima ya safari, uchunguzi wa udongo na msingi mpya. Ongezeni akiba ya dharura, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ndani ya mnara hadi ufunguliwe, na fungu la matunzo ya miaka ijayo, ambalo ndilo husahaulika kuliko yote.

Sasa ombeni. Anzeni na watoaji wakubwa wachache, ili siku ya kutangaza hadharani pawe tayari na kiasi cha kuonyesha. Hata hivyo msiwadharau watoaji wadogo: mfuko ulioanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya ukumbusho wa vita vya Vietnam mjini Washington ulikusanya zaidi ya dola milioni 8 bila fedha za serikali, kutoka kwa watu zaidi ya 275,000. Na mnara wa kumbukumbu ya vita wa Bunker Hill nchini Marekani, uliokwama kwa ukosefu wa fedha, ulikwamuliwa na wanawake walioandaa maonyesho ya mauzo mwaka 1840 na kupata takriban dola 30,000. Mnara ulizinduliwa mwaka 1843.

Kwa taasisi zinazotoa ruzuku, someni masharti kwa makini. Nyingi hazigharamii kazi iliyoanza kabla ya barua ya idhini, na baadhi hurejesha fedha baada ya kuona stakabadhi, hivyo mtahitaji fedha taslimu za kumlipa mkandarasi mkisubiri. Ahadi zisihesabiwe kuwa fedha. Kampuni ikitaka jina lake lichongwe kwenye mnara, mkatae kwa heshima. Majina ya hapo ni ya waliokufa, na wafadhili wanatosha kuwekewa kibao pembeni.

Kila fomu ya mchango ieleze kinachofuata endapo kibali cha kuhamisha kitabatilishwa au lengo lisifikiwe: fedha zitarejeshwa, au zitatumika kuukarabati mnara palepale ulipo. Akaunti iwe na watia saini wasiopungua wawili, mkaguzi wa hesabu asiwe mwanakamati, na taarifa ya mapato na matumizi itolewe kwa watoaji wote, pamoja na salio lililohamishiwa kwenye fungu la matunzo na tarehe ya ukaguzi wa kwanza wa mnara mahali pake papya.