Somo: Kuhifadhi hei na mabua bila ghala

Asiye na ghala la hei, yaani majani makavu ya kulisha mifugo, hukimbilia kutafuta turubai. Nawaomba muanze chini. Nimewahi kufunua lundo lililofunikwa vizuri sana, nikakuta marobota (mafungu ya majani yaliyokazwa na kufungwa) ya chini yote yameoza, kisa yalilazwa juu ya udongo. Ardhi hutoa unyevu hata wakati wa jua kali, na majani makavu huuvuta kama utambi unavyovuta mafuta.

Hatua ya 1: Pima ukavu. Unyevu wa hei usizidi asilimia 18 hivi. Huna kipimo? Katakata majani kidogo, yatie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikigandana, rudisha hei juani. Hapa msifanye haraka. Hei yenye unyevu haitulii: vijidudu na ukungu huzaliana ndani yake, joto hupanda, na lundo linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Wiki sita za mwanzo penyeza nondo hadi katikati, iache nusu saa, kisha ichomoe. Ikikuunguza mkono, usipande juu wala usilifumue lundo, maana hewa ikiingia moto hulipuka. Ita zimamoto.

Hatua ya 2: Chagua mahali. Pawe na mwinuko, upepo na jua, mbali na nyumba na banda. Chini ya mti hapafai, kwani matone huendelea kudondoka mvua ikishakatika. Chimba mfereji upande maji yanakotokea.

Hatua ya 3: Tengeneza chanja. Magogo, paleti au matairi chakavu, chochote kitakachoinua hei sentimita 15 au zaidi na kuacha hewa ipite. Usitandaze nailoni ikagusana na hei. Maji hutuama juu yake.

Hatua ya 4: Panga. Pishanisha marobota kama matofali, katikati pawe juu kuliko kingo. Tabaka la juu kabisa liwe la mabua. Yakilowa, umepoteza matandiko ya mifugo, si chakula chake.

Hatua ya 5: Sasa turubai. Lifunge kwa kamba zenye uzito unaoning'inia, livutike bila kuacha mabonde ya maji. Acha pande wazi kwa chini.

Marobota makubwa ya mviringo yapange kwa mstari, uso kwa uso, bila kubebana, na kati ya mistari acha kama mita moja. Msidharau ganda lililooza kwa nje: robota la kipenyo cha mita 1.5 likioza sentimita 15 tu kuzunguka, zaidi ya theluthi moja ya hei imekwenda.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini nisifunike mpaka chini? Mvua ya upepo inapiga ubavuni.*
Ubavu ukilowa, upepo huukausha. Ukifunika gubigubi, mvuke wa ndani hugeuka matone chini ya turubai na kuirudia hei usiku kucha. Upande mmoja tu ukipigwa sana, egemeza hapo marobota ya mabua.

*Hei yangu ina ukungu kidogo. Nilishe?*
Farasi usimpe kabisa, wala mnyama mwenye mimba. Mimi huitupa kwenye mboji. Hata kwa kutandika haifai, vumbi lake linaumiza mapafu ya mnyama na yako pia, kwa hiyo ziba pua unapoibeba.

*Sina mashine ya kufunga. Nina majani ya kufyeka kwa mkono.*
Simika nguzo imara, jenga chanja kuizunguka, halafu pandisha majani tabaka kwa tabaka ukikanyaga zaidi karibu na nguzo, ili kati pawe juu siku zote. Pembeni ukipaacha juu, mvua itaelekea moyoni mwa lundo. Kileleni funga majani kwa nguvu kwenye nguzo. Mwisho chana lundo lote kwa reki kutoka juu kwenda chini, majani yalale kama ya paa la nyasi, maji yateleze nje.