Umegongwa Mwanza na dereva asiye na bima, na ndege yako ni wiki ijayo

Yalinikuta Buzuruga, nikiwa nimebakiza siku tisa kurudi kazini Uingereza. Gari lilikuwa la kaka yangu, mama amekaa kiti cha mbele. Noah ikachomoka pembeni ikaingia barabarani bila kutazama nyuma, ikatupiga ubavuni upande wa mama. Stika ya bima kwenye kioo chake ilikuwa imeisha miezi minne nyuma. Dereva alikuwa kijana mpole, macho chini. "Kaka, nakuomba tuyamalize hapa hapa. Gari si langu, bosi atanifukuza. Nitakuwa nakutumia kidogo kidogo kwa simu." Nikamwonea huruma. Nikachukua namba yake, tukaondoka.

Alituma elfu thelathini, mara moja. Nilipotua Heathrow namba haikupatikana tena. Bega la mama, kunyoosha mlango na rangi, vyote vilitoka mfukoni mwangu na kwa kaka. Sina kinyongo na yule kijana, ila najua sasa kwamba zile siku tisa ndizo zilikuwa nguvu yangu yote, nami nikaziachia kwenye maongezi ya dakika kumi kando ya barabara.

Ndugu yangu uliyeko nje na unayepanga kuja likizo, nakuandikia ili wewe usizipoteze.

Kwanza yale ya barabarani. Simama, washa taa za hatari, weka pembetatu, mtazame aliyeumia. Polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114. Mtu akiwa na maumivu ya shingo au mgongo, usikubali wasamaria wema wambebe mikono na miguu wamtupie kwenye bajaji. Subirini chombo ambamo anaweza kulazwa. Watu watajaa haraka. Aliyekugonga akiwa bodaboda, wenzake watafika kabla ya trafiki, na kila mmoja atakuwa na maelezo yake. Usigombane. Na mkosaji akianza kushikwa mashati, simama upande wa kumkinga, kwa sababu maisha yake ni ya thamani kuliko bampa lako. Hali ikichafuka kabisa, nendeni wote kituo cha polisi kilicho karibu.

Kabla gari halijasogezwa, piga picha. Zipigwe za mbali zinazoonyesha barabara nzima na gari zilivyokaa, kisha za karibu: namba za magari, alama za matairi, vioo vilivyomwagika, stika ya bima, leseni ya dereva, kadi ya gari. Kisha tafuta shahidi ambaye mwakani bado atakuwepo. Abiria wa daladala atashuka Igoma na hutamwona tena. Mama anayeuza chai pale kituoni, fundi wa matairi, kijana wa kibanda cha miamala, hao wako pale kila siku na wameona yote. Mwamkie, mwombe jina na namba, mweleze kwamba huenda akaulizwa baadaye.

Dereva akisema "sina bima," usiishie hapo. Gari huenda lina bima asiyoijua yeye, na stika inayong'aa kiooni huenda ni ya kughushi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa TIRA MIS: unaingiza namba ya gari, unaona kama bima yake iko hai na imetolewa na kampuni gani. Fanya hivyo ukiwa umesimama pale pale, kisha hifadhi picha ya majibu. Kwa gari lenye namba za Kenya, Uganda au Rwanda, ambayo huku kwetu si ajabu kutokana na mipaka ya Sirari, Mutukula na Rusumo, uliza kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, na mwenye kadi hiyo halali ana bima ya kulipia madhara atakayosababisha hapa.

Swali linalosahaulika ni la mwenye gari. Andika jina la dereva, la mmiliki, na la anayemtuma kazi, maana kisheria tajiri anaweza kuwajibika kwa kosa la dereva wake akiwa kazini, na huyo ndiye mwenye chochote cha kulipa. Usiamini kadi peke yake. Magari mengi huuzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina TRA, hivyo kadi inaweza kusoma mtu aliyeuza miaka mitatu iliyopita na kuhamia Kahama. Muulize dereva: "Jioni hesabu unampelekea nani?" Jibu lake liandike.

Sasa polisi. Najua watu watakwambia ni usumbufu, na ukiwa na siku chache za likizo neno hilo linaingia vizuri masikioni. Nenda hata hivyo. Bila trafiki kufika na kuchora mchoro wa ajali, bila gari kukaguliwa, bila jalada kufunguliwa, kesho itakuwa neno lako na lake. Usipeleke gari kwa fundi kabla halijakaguliwa. Chukua namba ya jalada na jina la afande anayelishughulikia. Kama kuna aliyeumia, omba PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ambayo haiuzwi. Mgonjwa akiwa mahututi, hospitali kwanza na fomu ifuatwe na mwingine. Hospitali za Sekou Toure na Bugando zote zinaijua vizuri. Hata kama unajisikia mzima, pimwa. Shingo na kichwa huanza kuuma siku ya pili au ya tatu, na daktari wa Leicester au Minnesota atakayekuona baada ya mwezi hawezi kuandika kwamba maumivu yalitokana na Noah ya Buzuruga iwapo hakuna daktari wa Mwanza aliyeandika jambo hilo wiki ile ile.

Kuhusu fidia, hapa ndipo wengi wetu tunapotegemea mazoea ya tunakoishi. Uingereza kuna Motor Insurers' Bureau, chombo cha tangu 1946 kinachogharimiwa na kampuni za bima, ambacho huwalipa waliogongwa na wasio na bima au waliokimbia. Marekani, kwenye bima yako mwenyewe unaweza kuwa na kifungu cha kukulinda dhidi ya dereva asiye na bima, na baadhi ya majimbo yanakilazimisha. Ukiwa Mwanza usisubiri mfuko wa namna hiyo uje kukuokoa. Bima ya gari lako la kule nayo haivuki nawe. Ya Marekani kwa kawaida huishia Marekani na Kanada.

Kwa hiyo pesa itafutwe mahali pengine, na mahali pa kwanza ni gari ulilokuwa unaendesha. Kama lina bima kubwa, kampuni yake itatengeneza gari kisha yenyewe imdai aliyekugonga. Wewe utabeba kile kiasi cha kwanza kilichoandikwa kwenye mkataba. Wape taarifa mara moja, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Hakikisha pia leseni yako ni hai na inakubalika kuendeshea hapa, kwa sababu leseni iliyokwisha ni sababu nyepesi ya kukataliwa. Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayesikiliza malalamiko bila kutoza ada. Lakini kama gari lina bima ndogo tu, ile ya shilingi laki moja na ushee kwa mwaka kwa gari binafsi, hiyo inamlipia mtu mwingine utakayemdhuru wewe. Gari la kaka haligusi. Tunapoazima gari tunauliza mafuta na hali ya breki. Tuulize na bima.

Mahali pa pili ni bima yako ya safari, ambayo mara nyingi hulipia matibabu na hata kukurudisha. Wapigie mapema, kabla ya kulazwa ikiwezekana, na soma wanataka karatasi gani. Na kama aliyeumia ni mwajiriwa aliyekuwa kazini, kwa mfano dereva uliyepewa na kampuni, mwajiri wake apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Linabaki lile la "tuyamalize." Nimekuwa upande wa wanaosema usikubali kamwe, siku hizi nimebadilika. Kumshitaki mtu asiye na kitu unaweza kushinda ukaondoka na hukumu mkononi tu. Makubaliano mazuri yanaweza kukufaa kuliko kesi, ila yafanyike baada ya polisi na hospitali, kwa maandishi, mwenye gari akiwepo, mbele ya wakili au kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote. Sehemu kubwa ya pesa ilipwe siku hiyo. Usisaini neno "sitadai tena chochote" wakati mgonjwa bado anarudi kliniki. Na fahamu kwamba makubaliano yenu hayafuti kosa la kuendesha bila bima. Hilo ni kati yake na Jamhuri. Kesi hiyo ya jinai ikifika mahakamani, mahakama ikimtia hatiani inaweza pia kuamuru akulipe fidia, basi mwombe mwendesha mashtaka aikumbushe mahakama.

Ukiamua kudai mwenyewe, madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Hasara yenye hesabu, kama dawa, fundi, teksi ya kwenda kliniki, mahakama hutaka ithibitishwe, kwa hiyo risiti hata ya elfu tano itunze. Jambo moja linalowashangaza wengi: mdai anayeishi nje na asiye na mali ya kutosha isiyohamishika nchini anaweza kuamriwa aweke dhamana ya gharama za kesi kabla haijaendelea. Mwulize wakili wako mapema, na kama una kiwanja chako Kisesa au Usagara, mwambie.

Kabla hujapanda ndege, msainie ndugu unayemwamini hati ya uwakilishi wa kisheria, iandaliwe na wakili, itaje wazi kwamba inahusu ajali hii: kufuatilia jalada, kudai bima, kupokea malipo, kusimama mahakamani. Ukiwa umeshaondoka inawezekana kuisainia ubalozini, lakini itakugharimu wiki kadhaa na safari ya London au Washington. Mchague aliye na muda. Kwangu, safari ile, kaka angeweza, ila yuko mgodini Geita siku nyingi, na hata kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 bado si mtu wa kwenda kituoni kila Jumatatu. Dada yangu wa Nyegezi angeifanya kazi hiyo vizuri kama ningemwachia karatasi.

Basi mwachie dada bahasha yenye kila kitu: nakala ya PF3, namba ya jalada, mchoro, taarifa ya daktari, risiti, majina ya mashahidi. Nakala ya pili iwe kwenye simu yako na kwenye barua pepe. Zile za asili unazozihitaji kwa bima ya safari, ziweke kwenye begi la mkononi, zisiingie kwenye lile la kupakia.